Siku Tatu za Kufunga Mdomo Busan

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Soko la Bujeon,
Busan.

19 Oktoba 2023

Mpendwa Dada Geumok,

Hujambo dada yangu? Kifua kimepoa? Mara ya mwisho uliniambia kikohozi hakikuachi ulale, nami nikakwambia uchemshe peasi na asali. Najua hukuchemsha. Miaka hamsini huko Bochum umeuguza nusu ya Wajerumani, lakini kujiuguza mwenyewe umeshindwa. Chemsha, nakuomba. Na shemeji Manfred je? Goti limemruhusu kurudi bustanini?

Mimi ni mzima. Sukari imetulia, macho ni yale yale, na meno mapya yanatafuna hadi figili mbichi. Usishtuke kuona anwani ya Busan hapo juu. Sijapotea wala sijaugua. Kaa chini nikueleze, na usianze kucheka mapema, maana kuna mahali hapachekeshi hata kidogo.

Unaikumbuka safari ya kisiwa cha Jeju, Novemba iliyopita. Yeonju wangu alinipeleka siku nne, na mimi nikalalamika kuanzia uwanja wa ndege. Samaki mdogo, upepo mwingi, kitanda laini mno, na kila nilichopewa nikauliza bei. Siku ya tatu mtoto akaenda kujifungia choo cha mgahawa akalia. Tuliporudi hakunipigia simu miezi kumi na moja. Mwaka mpya aliniletea ujumbe wa maneno mawili tu: nipo mzima. Mtoto wangu wa pekee, dada! Nilikuwa naingia na simu hata bafuni.

Kwa hiyo alipopiga baada ya sikukuu ya mavuno na kusema, “Mama, twende Busan tukatembee na kula,” nilikubali kabla hajamaliza kusema. Akaniambia kuna masharti. Nikajibu hata yawe mia. Akasema ni kumi, na nikiyavunja, hiyo ndiyo safari yetu ya mwisho. Hakuwa anatania, sauti yake naijua. Nikaapa moyoni kwamba kama ni kufa, nitakufa nimenyamaza.

Treni ilipotoka tu kwetu Jecheon akatoa karatasi. Nasikia watoto wa siku hizi wote wanayo, wanawasomesha wazazi wao kabla ya safari. Ikabidi nirudie kwa sauti, behewa zima likisikia: sitauliza kama bado ni mbali, sitauliza bei, sitasema haina chumvi, sitasema miguu inauma, sitasema hiki hata nyumbani naweza kukipika, na mengine ya aina hiyo. Mzee mmoja aliyekaa ng'ambo ya njia akimenya tunda akanionea huruma.

“Mama, kaza buti,” akasema. “Mimi wangu walinisomesha, nikaanguka kwenye sharti la tatu kabla hatujatoka hata stesheni.”

Watu wakacheka. Yeonju hakucheka. Nikatia sahihi.

Dada, wewe unaujua ulimi wangu. Uliishi nao miaka ishirini kabla hujaukimbia kwenda Ulaya. Basi nilinunua pakiti ya pipi za mizizi ya jinseng, zile zisizo na sukari, usinigombeze, na kila neno lilipopanda kooni nilitupia pipi mdomoni. Siku ya kwanza peke yake nilikula kumi na tisa.

Alinipandisha kule Gamcheon kwenye nyumba za rangi rangi, ngazi juu ya ngazi, na vijana wamepanga foleni kupiga picha na sanamu. Foleni! Kwa ajili ya sanamu! Pipi. Alinipandisha kwenye kile kijumba cha kioo kinachoning'inia kwenye waya na kupita juu ya bahari pale Songdo. Alikuwa amechagua chenye sakafu ya kioo pia, ili nione maji chini ya nyayo zangu. Nilifumba macho kutoka mwanzo hadi mwisho huku nikisema, “Pazuri, pazuri sana.” Tukala tambi za baridi mahali fulani, mchuzi wake maji ya kuoshea vyombo.

“Tamu, Mama?”

“Tamu sana.”

Wallahi sijui niliitoa wapi sauti ile.

Siku ya pili tukaenda kwenye hekalu lililo kando ya mawimbi, na nikaomba ulimi wangu ufe ganzi siku moja zaidi. Mchana tukala samaki mbichi sokoni Jagalchi. Yule mama muuzaji alimkata kwa kisu butu mpaka nyama ikachanika, na mimi, binti wa mama yetu, nikatafuna nikitabasamu. Niliona Yeonju ananitazama kwa pembeni. Akanigusa paji la uso.

“Mama, unaumwa?”

“Mzima kabisa.”

“Mbona kimya hivyo?”

“Nafurahia, mwanangu.”

Akaendelea kunitazama. Mimi nikajipongeza. Nilijiona nimeshamrudisha mtoto wangu, imebaki siku moja tu ya kumeza.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, akanileta huku nyuma ya Soko la Bujeon, kwenye kiduka cha supu ya nguruwe chenye meza sita. Mwenyewe ni bibi anaitwa Pyo, mdogo, kichwa cheupe chote, anatembea kama ana haraka hata akiwa anakwenda kukaa. Hakuuliza tunataka nini. Bakuli likaja linachemka, wali ndani, majani ya vitunguu juu, uduvi wa chumvi kwenye kisahani.

Nikaonja. Dada, ilikuwa inanuka! Si kuoza, hapana, nyama ilikuwa safi. Ni ile harufu ya mifupa ambayo haikulowekwa vya kutosha, damu yake imechemkia humo humo. Mama yetu angeimwaga yote na sufuria angelisugua kwa majivu. Nikatafuta pipi mfukoni, zimekwisha. Nikameza. Nikasema, “Tamu sana.”

Bibi Pyo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko akifuta mikono. Hakunitazama mimi, alimtazama Yeonju. Na Yeonju akakunja mikono ya sweta yake. Siku tatu zote alikuwa hakuikunja, nami sikujiuliza kwa nini. Mikono yote miwili ina makovu ya kuungua, mengine ya zamani, mengine bado mekundu.

“Mama,” akasema, “hiyo nimepika mimi.”

Ndipo akanieleza. Ile kazi ya bima Seoul aliiacha Oktoba mwaka jana. Mwaka mzima amekuwa hapa, analala chumba cha juu, anajifunza kwa bibi huyu. Bibi anapumzika mwisho wa mwezi huu na anamwachia duka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonichoma: “Nilitaka kukwambia Jeju, siku ile ya kwanza. Sikupata nafasi ya kusema.”

Niliona aibu, dada. Aibu ya kweli, ya kutamani sakafu ipasuke.

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu, uso kwa uso. “Bibi anasema supu iko tayari. Wewe umesema tamu. Lakini juzi ulisema zile tambi ni tamu, na mimi mwenyewe zilinishinda. Jana ukasema yule samaki ni mtamu. Sasa mimi nitajuaje, Mama? Nimekufunga mdomo mwenyewe, na ulimi ninaouamini duniani ni huo huo wako.”

Hebu fikiria. Nikisema tamu, nina mtoto. Tunarudi kwa amani, kila mwaka safari, kila Jumapili simu. Na yeye anafungua duka la supu inayonuka katikati ya watu walioijua supu hii tangu hawajaota meno, na baridi haiishi kabla hawajamkimbia. Nikisema kweli, nimevunja kiapo, na alikwishaniambia mwisho wake ni nini. Nikaweka kijiko chini.

“Yeonju, inanuka.”

Na yakishafunguka haya maji, unayajua. Nikamwambia mifupa umeiloweka saa mbili ukaona inatosha, ilihitaji tangu jana. Maji ya kwanza hukuyamwaga, uliyaonea huruma. Vitunguu saumu umevitia vingi ili kuficha harufu, maana wewe mwenyewe uliisikia ukajidanganya. Nyama umeikata ingali moto. Na figili ile imechacha kupita kiasi, na hiki hata nyumbani ningekipika vizuri zaidi nikiwa nimelala!

Bibi Pyo akainamisha kichwa. Akasema taratibu, “Mimi pua yangu ilikufa miaka mitano iliyopita. Supu naionja kwa mazoea tu. Niliogopa kumwambia mtoto.”

Yeonju akainuka, akaenda chooni, nikasikia kitasa kinageuka. Sauti ile ile ya Jeju. Nikasema moyoni, basi, nimempoteza mtoto wangu.

Lakini sikuondoka. Jeju nilibaki mezani nikinung'unikia bili. Safari hii nilikwenda nikasimama mlangoni, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: “Nisikilize wewe mtoto. Kukasirika kasirika, ni haki yako. Jeju nilikukosea, na miezi yote hii nimekulilia. Lakini mimi Busan siondoki mpaka supu hii iwe supu. Ukinifukuza nitalala stesheni, na kila asubuhi utanikuta hapa mlangoni naloweka mifupa.”

Bibi Pyo akaniletea kiti. Nikakaa mbele ya choo, dada, mimi na miaka yangu sabini na mbili, wateja wawili wakaingia wakanikuta hapo wakatoka.

Mlango ukafunguka. Macho mekundu, uso umeoshwa.

“Unajua umevunja masharti manne kwa pumzi moja?”

“Matano,” nikasema. “Na viti vyako vigumu.”

Akacheka. Alicheka huku analia, akaniangukia shingoni na ile aproni yake inanuka vitunguu saumu, na mimi nikalia kuliko yeye. Nilikuwa sijamkumbatia tangu alipomaliza chuo. Bibi Pyo akatufukuzia jikoni, akasema tunaziba njia.

Basi ndiyo maana unaona anwani hii. Tunalala chumba kimoja, mimi, Yeonju na sanduku langu. Alfajiri tunakwenda sokoni kuchagua mifupa; mchinjaji ameshanichoka, jana alijificha nyuma ya friji aliponiona. Jumanne tulipika sufuria la kwanza. Nikaonja, nikasema bado. Akauliza bado nini, nikamwambia, akanibishia, nikambishia, tukapika tena Jumatano. Nikasema bado. Alirusha upawa kwenye sinki, akatoka nje akazunguka soko lote, akarudi na mifupa mingine. Tunagombana kutwa nzima, na sijapata kuwa na raha hivi tangu baba yake afariki.

Sijui kama duka litasimama. Watu wa hapa ni wagumu na mtaa huu una supu kila kona. Yeonju ana miaka arobaini na nne na anaanza upya, na mimi siku zangu si nyingi sana. Lakini nimeamua, dada, usijisumbue kunishawishi nirudi. Funguo za Jecheon nimemwachia jirani. Kabichi zangu avune yeye ale.

Leo Alhamisi tumefunua sufuria la tatu. Yeonju aliniwekea bakuli, akasimama pembeni amekumbatia upawa kifuani, hapumui. Bibi Pyo naye akaja akasimama. Nikanywa kijiko cha kwanza. Nikanywa cha pili. Nikala wali, nikala nyama, nikainua bakuli kwa mikono miwili nikamalizia mchuzi wote, kisha nikalisukuma mbele yake. Alidhani nimejilazimisha kama zile siku tatu, uso ukamshuka, akauliza kwa sauti ndogo, “Bado nini tena, Mama?”

Nikamwambia, “Niongeze.”

Nisalimie sana shemeji Manfred, na mwanao Hanna na wajukuu wako wote, na yule rafiki yako Kyeja mliyekwenda naye huko mkiwa wasichana. Yeonju anakuamkia, mama yake mkubwa, ingawa mikono yake haijakauka kushika kalamu. Mbingu zikulinde, pumzi yako iwe nyepesi, na baridi ya huko ipite mbali na mlango wako. Ukiandika, andika kwa anwani hii.

Mdogo wako akupendaye daima,

Bokrye