Mupaka wa mama Kavira

Furaha, mujukuu wangu,

Huku Goma tuko wazima. Mama yako anakusalimia, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeniandikia kwamba kwa Wayahudi toba hukamilika siku mutu anapopata tena nafasi ya kufanya kosa lile lile, na asilifanye. Unauliza kama naamini.

Nilipokuwa kijana, lava ilifunika parsele yetu na ya jirani, mama Kavira. Kabla hajarudi kutoka alikokimbilia, nilipanga mawe ya mupaka hatua tatu ndani ya kwake. Akauliza, "Ni hapa kweli?" Nikajibu, "Ni hapa." Baadaye nilitubu kwa padiri, lakini mawe sikuyagusa.

Miaka ikapita, lava ikafunika tena palepale. Sasa mama Kavira haoni. Akaniambia niweke mupaka mimi mwenyewe. Niliurudisha hatua tatu, nikamushika mukono, akayapapasa mawe.

"Ni hapa kweli?"

"Ni hapa, mama. Mara ya kwanza nilikudanganya."

Aliyapapasa mawe tena. Kisha akasema, "Basi panda ua wa miyenzi, muzee. Mawe yanahamishwa."

Miti ya miyenzi haishiki mizizi juu ya lava tupu. Kila asubuhi nabeba udongo kwa beseni, na magoti haya mabovu.

Itashika.

Tate yako