Gauni la Mama wa Bibi Harusi

Jumatatu, 3 Juni

Dada ametuma orodha ya vitu vya kubeba. Orodha! Utadhani napelekwa bweni. Viatu visivyo na kisigino, maana harusi ni ufukweni. Mafuta ya jua. Kichwa cha chaja cha kule. Zawadi hapana, zinaagizwa dukani hukohuko. Nguo: ndugu wote kijivu. Dhahabu ni ya mama wa bibi harusi peke yake. Yaani yeye.

Sawa, alimzaa. Alipokwenda kutafuta maisha ng'ambo aliniachia huyo binti, Kidoti, ana miaka minne na surua juu. Miaka miwili tu, alisema. Kidoti alimfuata kwa masomo akiwa na ishirini. Miaka yote hiyo katikati aliniita Mama, nami niliitika.

Mwisho wa ujumbe: kule Kidoti aniite Mama mdogo, wakwe wasije wakachanganyikiwa. Nitakaa safu ya nne.

Safu ya nne!

Jumatano, 5 Juni

Kumbe kuna jingine. Hilo gauni la dhahabu nishone mimi, nimbebee! Nikamwomba vipimo. Hana muda wa kutafuta futi ya kujipimia. Nishone kwa vipimo vyangu, eti sisi mwili mmoja tangu utotoni.

Miaka ishirini na mitano kwenye cherehani, sijawahi kukata kitambaa bila kumpima mwenye nguo. Leo nimejipima mwenyewe, kwenye kioo cha wateja. Kifua, kiuno, nyonga. Nikakata.

Jumapili, 9 Juni

Nimelijaribu. Ni kazi ya fundi kujaribu, sikuiba. Limenikaa! Bitana laini, shanga kutoka kifuani mpaka kiunoni, zito kama mtoto wa kubeba mgongoni. Mama yetu alikuwa anakunja nguo kitandani. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hilo si la dada yako?"

"Ndiyo, lake."

"Mbona limekupenda wewe?"

Nimelivua haraka mpaka pini ikanichoma. Mama akaendelea kukunja, akasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nikamwambia methali haimo kwenye orodha. Nina hasira. Na dada, na mimi mwenyewe niliyesema "sawa" kwenye simu.

Jumanne, 11 Juni

Vifurushi vimeanza. Mtu akisikia unasafiri, begi lako lishakuwa la ukoo mzima. Binamu kaleta sufuria — sufuria! — eti ndogo tu, utaipenyeza. Nimekataa. Kanuna: naringa hata ndege sijapanda. Ndiyo, naringa.

Nilichopenyeza ni changu. Blanketi la viraka. Kila nguo niliyomshonea Kidoti, nilihifadhi kipande: gauni la siku za surua, sare ya shule, ile sketi aliyoililia. Orodha imesema zawadi hapana. Orodha ikae hukohuko.

Nimelipima begi kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, jirani yetu. Kilo ishirini na tatu kamili, ndizo zinazoruhusiwa. Safi!

Alhamisi, 13 Juni

Uwanja wa ndege. Kilo ishirini na saba! Mzani wa mnunuzi wa vyuma chakavu — lini umewahi kumpa mtu kilo zake zote? Na mimi mtu mzima nikauamini.

Binti wa kaunta akasema, "Mama, toa kitu, wenzako wanasubiri." Begi wazi sakafuni, foleni inaguna. Nikampigia dada. Hakufikiri hata kidogo: toa hilo blanketi, gauni ndilo la maana. Mama aliyenisindikiza akanyoosha mikono alipokee. Sikumpa.

Nikachukua gauni, nikaingia nalo chooni. Nikatoka nimelivaa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, mimi nimeyavalia.

Begi likapita. Binti wa kaunta akanitazama juu mpaka chini, akatabasamu. "Mama wa bibi harusi?"

Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 14 Juni

Nimefika. Foleni ya forodha, naandikia juu ya begi. Ujumbe wa dada: nimkabidhi gauni lake hapahapa uwanjani, lisikunjamane. Nguo zangu za kijivu zimo mkobani. Choo kilikuwa kushoto, hakikuwa na mtu. Nimekipita.

Mlango wa kioo unafunguka kila mtu akitoka. Nawaona. Wakwe, watu wanne wenye maua. Dada, amenenepa! Gauni hili lisingempita hata mabegani. Mwili mmoja! Na Kidoti wangu, na kile kidoti chake shavuni.

Ameniona. Anapunga mikono yote miwili, anaita kwa sauti mpaka watu wanageuka: "Mama! Mama!"

Dada kaitika. Kamgeukia mtoto na tabasamu lake lote. Kisha akafuata macho ya mtoto, mpaka kwangu.

Afisa ananiambia nipite. Mlango umefunguka. Nanyoosha pindo la gauni, nakwenda.