Kura ya Jirani Yetu Gurdip

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Huku Nkololo tu wazima, pamba imeanza kupasuka, na dada yako amejifungua mtoto wa kike.

Umeniuliza kama rafiki zako Singasinga huko Kanada watamchagua yule mgombea kwa kuwa mwimbaji wao amemsifu. Swali lako limenikumbusha Gurdip, Singasinga fundi magari, jirani yetu Bariadi mjini nilipokuwa binti.

Mwaka mmoja wa uchaguzi, mgombea alikuja na Singasinga mwingine, dereva maarufu wa mashindano ya magari. Gurdip alilia kwa furaha. Alimkumbatia dereva mbele ya umati, akamkaribisha chakula nyumbani kwake. Wafuasi wa mgombea mwingine wakanuna.

"Kura yake tunaijua," walisema, wakaacha kumpelekea magari.

Uchaguzi ukapita, gereji ikabaki kimya. Nilimwonea huruma, nikamwambia, "Baba, si uwaambie tu ulimchagua nani?"

"Hata mke wangu hajui," akanijibu. "Yule dereva nampenda, ndiyo maana nilimlisha. Nikiitaja kura yangu leo ili nipate kazi, uchaguzi ujao watakuja kuniuliza tena."

Hakusema. Wateja walirudi mmoja mmoja, magari yao yalipowashinda.

Basi waulize rafiki zako wanampendea nini mwimbaji wao, uone watakavyochangamka. Habari ya kura usiwaulize. Mimi ya Gurdip sikuijua, alifariki nayo, na mpaka leo natamani kuijua.

Bibi yako,
Minza