Rupia ya Sita

Mehrunissa, uko?

Shemeji Waseem karudisha zile rupia sita za Mjerumani, sarafu za fedha za marehemu mume wangu, alizopeleka Dar zikapimwe ubora. Kila moja imefungwa kwenye kikasha chake cha plastiki, na namba ya daraja juu.

Kaniambia, "Shemeji, usizipange pamoja. Kila moja ikae peke yake." Mara tatu! Mara tatu, Mehrunissa.

Baada ya Alasiri nimezipanga mezani. Tano nyeusi kwa moshi wa udi wa kabati langu. Ya sita nyeupe pee! Wasafishe moja tu? Hii haikukaa kabatini mwangu; kaibadilisha.

Nikampigia. "Nimezipanga pamoja."

Hakuuliza kwa nini. Kauliza, "Nani ameziona?"

"Mwenyezi Mungu," nikamjibu.

Nakutumia picha, nawe uwe shahidi.