Swali ya Apolline juu ya mazuku

Asumini rafiki yangu, uko? Nimejifungia ndani ya choo ya walimu.

Leo nilifundisha namna mwili unalinda usawa wa damu. Nikaambia batoto wafunge pumzi. Wote wakashindwa, wakacheka. Nikajivuna: "Munaona? Hewa chafu ikizidi ndani ya damu, mwili unakulazimisha kupumua. Hata kama umelala, unakuamsha!"

Hata kama umelala. Ni mimi nilisema hivyo, Asumini. Kwa kinywa changu.

Apolline akanyanyua mukono. Ule mukimbizi wa Masisi, mwenye kuishi kambini Lac Vert.

"Madame, sasa juu ya nini Jeancy hakuamka?"

Mudogo wake. Miaka sita. Walifika bila kujua mashimo yetu ya lave, yale mawe ya volkano. Mutoto akalala ndani ya moja, mazuku, ile hewa chafu yenye kutoka chini ya volkano, ikamuua mule.

"Mwili yake ilikuwa mvivu, madame?"

Mvivu!! Jibu nilikuwa nalo. Mwili wake ulifanya kazi yote. Ulipumua mbio mbio, na kila pumzi ikaingiza mazuku zaidi.

Lakini nikamwambia Jeancy alikuwa amechoka na safari.

Akaandika jibu hiyo ndani ya kaye yake, daftari ya masomo, chini ya somo.