Kioo Namba Kumi na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kwanza kwenye karakana mpya. Mafundi tisa, mwanamke mimi peke yangu. Hata saa nne haijafika wameshanibatiza — Kinyago! Eti kwa sababu niliingia getini nimevaa kinyago changu cha kuchomelea kichwani. Mkono mmoja mfuko wa chakula, mwingine ndoo ya vifaa. Kichwa ndicho kilichokuwa hakina kazi. Sikuwaeleza.

Msimamizi ni kijana, nadhani hampiti binti yangu kwa umri. Ana adabu lakini. Akaniuliza kama nimewahi kuchomelea bamba nene. Nikasema ndiyo, bila kupepesa. Uongo nusu. Miaka ishirini nimechomelea madirisha na mageti, vyuma vyembamba, moto mdogo. Hapa ni matangi ya maji. Bamba milimita kumi na mbili, mashine inafunguliwa hadi ampea mia na tisini. Moto wake unavuma!

Mchana nimekula nyuma ya kompresa, ile mashine ya kusukuma hewa. Wenzangu wana benchi lao. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyeniita.

Jumatano, 5 Machi

Doa la kijani. Nimetoka kazini tangu saa kumi na moja na bado linacheza mbele yangu. Ukutani, kwenye sahani, juu ya ukurasa huu. Nikifumba macho lipo, ila linageuka zambarau. Kichwa kinagonga.

Sababu naijua. Kioo cha kinyago changu ni namba tisa. Hata mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anafundishwa: moto ukiwa mkubwa, kioo kiwe cheusi zaidi, na namba ikipanda giza linapanda. Tisa ni ya moto wa madirisha. Kwa moto wa hapa ni kumi na moja.

Sasa mbona sibadilishi?

Niandike tu, hakuna anayesoma humu. Nikiweka kioo cheusi zaidi, sioni. Miaka arobaini na tisa, na vitu vya karibu vimeanza kunikimbia. Meseji za binti yangu nazisoma nimenyoosha mkono kama ninayemsukuma mtu. Tisa inaniachia mwanga. Kwa tisa naona mshono wa chuma, na mshono ukinyooka hakuna wa kusema huyu mama kazeeka. Nani ataajiri fundi asiyeona?

Tulipoachana, baba wa binti yangu aliondoka na mashine. Mimi nikabaki na kinyago. Nilidhani nimepunjwa. Ila mashine zipo kila karakana — kinyago kinachokaa kichwani vizuri, hicho ni cha kutafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Aibu yangu leo!

Msimamizi kapita, kachukua kinyago changu mezani, kakiinua kwenye mwanga. Mbele ya watu. "Mama, bamba nene hili unachomelea kwa tisa? Unataka kukaanga macho?" Karakana nzima grainda zikazimwa. Au niliona hivyo tu.

Kanituma stoo. Mtunza stoo kapekua boksi weee, vumbi likatufunika wote wawili. Kasema shangazi, zimebaki za namba kumi na tatu tu, na si ndiyo vizuri, giza zaidi usalama zaidi! Nilijua si kweli. Kumi na tatu ni ya moto mkubwa kuliko wetu. Ningemwambia — lakini angeniuliza, kama unajua yote hayo, tisa ilikuwa ya nini? Nikachukua. Nikashukuru na kushukuru.

Kumi na tatu ni kaburi. Nawasha moto naona nukta tu, kama sigara ya mtu aliyeko ng'ambo ya uwanja. Kuona kidimbwi cha chuma kinachoyeyuka, hakuna. Kingo za bamba, hakuna. Nikawa nainama, nainama, mpaka moshi wote nikaumeza mimi. Nilipofunua, mshono umeacha njia, umekwenda zake pembeni kama mlevi.

Meza ya pili yupo fundi wanayemwita Kobe. Mtu mzima, shingo imezama mabegani, hasalimii mtu. Unampita asubuhi anakutazama begani, basi. Mafundi wanasema anaringa. Leo nilipokuwa nimesimama na mshono wangu mlevi, alisukuma grainda yake hadi upande wangu wa meza nisage nianze upya. Hakusema neno. Nami sikusema. Hayo ndiyo maongezi yangu ya wiki nzima.

Jumapili, 9 Machi

Binti kapiga. Dakika sita.

Unakula, mama? Nakula. Unalala? Nalala. Una watu huko kazini? Wengi, nikasema — tisa! Akacheka, akasema afadhali. Mtoto akalia upande wake, ikabidi akate.

Nikaendelea kushika simu sikioni kidogo. Haya mwanangu, nikasema. Haya.

Nimefua ovaroli. Imekauka kabla ya saa nane. Jumapili ni ndefu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata ujanja. Nanyanyua kinyago, naweka ncha ya kijiti cha kuchomelea mahali penyewe kwa macho yangu, nawasha, halafu natikisa kichwa kinyago kianguke. Ni ujinga, najua. Nilimgombeza mwanafunzi wangu mwaka ule kwa hilohilo. Sekunde moja tu, nikajiambia. Sekunde moja — mara mia na zaidi tangu asubuhi.

Lakini mshono! Umenyooka kama umepigwa rula. Msimamizi kagonga bamba kwa kidole, kasema safi, mama. Nimerudi nyumbani nimevimba kichwa.

Saa kumi na mbili. Macho yanawasha. Moshi, bila shaka.

Jumanne, 11 Machi

Naandika bila kuona mstari. Herufi kubwa. Mchanga machoni. Si mchanga — pilipili na mchanga. Nikifungua naungua, nikifumba naungua. Machozi yenyewe moto.

Sikwenda kazini. Nimejilaza na kitambaa cha maji usoni, pazia limefungwa. Nje watu wanapita, wanacheka, mtu anaburuta kitu cha bati.

Simu ninayo mkononi. Majina siyaoni. Ni machache hata ningebahatisha. Halafu binti nimwambie nini? Yuko mbali, ana mtoto mchanga. Acha.

Jumatano, 12 Machi

Nimefika zahanati nikishika kuta. Jicho moja nalifungua kidogo, hatua tatu, nalifumba.

Tabibu wa macho ni mwanamke, anaongea haraka kama anayefukuzwa. Kasema ngozi ya juu ya jicho imeungua kwa mionzi ya moto wa kuchomelea, itapona kwa siku mbili, matone haya, usisugue. Akauliza kama nilinyanyua kinyago. Nikasema hapana. Akaniinulia kope tena, akamulika. Nikasema ndiyo.

"Kwa nini?"

Basi yote yakamwagika. Tisa, kumi na tatu, ujanja, umri. Akanipa kadi yenye maandishi madogo, akaisogeza, akairudisha nyuma, akasema mama, tatizo lako si giza. Ni ukaribu. Ipo lenzi ya kukuzia, inapachikwa ndani ya kinyago nyuma ya kile kioo cheusi. Ukishaweka hiyo, anza na kioo cheusi zaidi. Kama kidimbwi cha chuma hukioni vizuri, shuka namba moja. Huoni bado, shuka nyingine. Ila usishuke chini ya namba inayotakiwa na moto wako, hata ukilia.

"Na kuzeeka macho si kosa la jinai," akasema. "Kila mtu anazeeka macho."

Nikalia. Alidhani ni matone.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwambia msimamizi. Nilimfuata ofisini kabla sijavaa ovaroli, nisije nikafukuzwa nikaivua tena kwa aibu. Nikasema macho yangu ya karibu yamechoka, ndiyo maana ya tisa. Nikangoja.

Kijana akakuna kichwa. Akasema mama, si ungesema tu! Akainuka mwenyewe hadi stoo, akavuta boksi la chini kabisa. Kumi na moja — pakiti nzima! Mtunza stoo: "Ala! Zilijificha hizi." Hana haya.

Nimepachika. Lenzi ya kukuzia niliyonunua jana ndani, kumi na moja mbele. Nikawasha.

Nimeona! Kidimbwi chote, umbo la yai, ukingo wa rangi ya chungwa, chuma kinavyojikunja nyuma kama maziwa yanayoganda. Kingo zote mbili. Hakuna mng'ao wa kuumiza, hakuna kaburi. Miaka mingapi sijaona kazi yangu namna ile? Nimechomelea mita nzima sikupumzika.

Nikafunua kinyago. Nikageuka nimwonyeshe mtu.

Watu walikuwa kwenye kazi zao. Aliyekuwa karibu ni Kobe. Nikamwita kwa mkono. Hakuja. Nikamwita kwa sauti, ndipo akaja. Akatazama mshono kwa upande, kichwa kimeinama kama kuku anayetafuta punje, kisha akapitisha kidole juu yake taratibu mwanzo hadi mwisho.

"Mzuri," akasema.

Sasa nawaza. Mkono wangu hakuuona?

Jumatatu, 17 Machi

Mchana Kobe kaja nyuma ya kompresa. Kaketi juu ya ndoo yangu, na chakula chake kwenye bakuli. Mafundi wa benchini wakageuka wote.

Tulikula. Halafu akaniuliza, dada, nasikia umemwona tabibu wa macho, yuko wapi?

Nikamwuliza ana nini. Akasema jicho la kulia lina shimo katikati. Pembeni anaona — meza, ukuta, mlango. Akikitazama kitu chenyewe, kinatoweka. La kushoto nalo limeanza. Kazi anaifanya kwa sikio: mshono mzuri unalia kama mafuta kwenye kikaango, mbaya unapasukapasuka. Amefanya hivyo karibu mwaka.

"Nakuona mabega, dada," akasema. "Uso wako sijauona hata siku moja. Wala wa hawa. Ndiyo maana sisalimii. Naogopa kukosea mtu."

Nikaweka chakula changu chini.

Nikaomba kinyago chake. Nikafuta masizi pembeni ya kioo kwa kidole gumba nisome namba. Saba! Saba, kwa moto ule, siku zote hizo! Nikasema kaka, hii umeitoa wapi? Akasema alianza na kumi na moja kama watu. Akaona giza, akashuka kumi. Akaona giza, tisa. Nane. Saba. Kila akishuka alipata nafuu ya miezi michache.

Njia yangu ileile. Mimi nilisimama kwenye tisa, tena si kwa akili zangu. Ni kwa kuaibishwa.

Nikamwambia kesho kutwa twende, nitaomba ruhusa. Akasema hana haja ya kusindikizwa, atauliza njia. Nikamwuliza, vibao vya njiani utavisomaje kwa sikio? Akacheka. Kumbe ana mwanya!

Jumatano, 19 Machi

Naandikia hapa zahanati, kwenye benchi la ukumbini, daftari juu ya magoti. Kobe yuko ndani tangu saa tatu. Kofia yake ninayo.

Njiani nilimshika kiwiko kwenye vivuko. Mwanzoni aliutoa mkono, baadaye akauacha. Ameongea kuliko miezi yote, nadhani. Mkewe alifariki. Watoto wamesambaa, wanapiga sikukuu. Nyumbani anapika kwa kuhesabu: chumvi vidole viwili, moto hatua moja kushoto. Aliniuliza nina umbo gani la uso. Swali gani hilo! Nikasema la kawaida, kaka, pua ipo. Akasema hiyo pua anaisikia — nikichomelea navuta kamasi. Nikacheka barabarani, watu wakatutazama.

Mlango umefunguliwa mara moja, nikamwona tabibu anamshikia taa kwenye jicho. Leo haongei haraka. Anaongea polepole, neno moja moja. Sikupenda.

Saa tano kasoro. Wagonjwa wawili waliokuja baada yetu wameshaondoka.

Tabibu katoka. Kasimama mlangoni na karatasi, kaangalia benchi zima. Kanitambua, lakini hakutabasamu. Anauliza yule mzee ana ndugu hapa, kuna jambo la kuelezwa na mtu wake wa karibu.

Jina lake silijui. La kwanza wala la baba. Namjua Kobe tu.

Nimesimama. Nimesema mimi ni dada yake. Amenitazama muda mrefu, halafu akaachia mlango wazi nipite.