Doa Jeupe Nyuma ya Tingi

Jumatatu, 7 Oktoba 1974
Lindi. Picha za setilaiti zimefika ofisini — za Oktoba mwaka jana! Penye majani mabichi hutoka pekundu, ardhi tupu hutoka nyeupe. Kazi yangu: ardhi iliyochoka naipaka njano kwenye ramani. Nyuma ya kijiji cha Tingi pana doa jeupe kubwa. Nimelipaka. Bwana Leonadi, mkubwa wangu, kanisifu, eti mkono wangu hautetemeki. Nimefurahi, na saumu yangu hii.

Alhamisi, 10 Oktoba
Ramani imekwenda mkoani. Watu wa kwenye njano watahamishiwa kijiji kipya, barabarani. Doa lile liko upande wa kwetu, nalijua. Nikajisemea ukame hauchagui ndugu.

Ijumaa, 18 Oktoba
Tingi, kwa Shangazi Mwahija aliyenilea. Sikukuu ya Idi. Nimemkuta shambani na ufagio! Mikorosho yake bado midogo, chini peupe pee, hata jani hakuna. Nikamwuliza mbona hivi. Kacheka: "We mtoto, umesahau? Korosho ikiangukia majanini utaiokotaje?" Kila msimu wanafyeka, wanafagia, shamba kwa shamba. Mimi mwenyewe nimefagia hapa nikiwa mdogo! Miaka miwili ya kusomea ramani Dar es Salaam, na hilo likanitoka. Ardhi haikuchoka. Ilifagiwa.

Jumatatu, 21 Oktoba
Nimemweleza Bwana Leonadi yote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Kasema ramani imeshapigwa muhuri, niandike barua. Nimeandika. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia wasinisikie.

Jumamosi, 26 Oktoba
Tingi tena. Barua haijajibiwa. Malori mawili yapo tangu asubuhi — vitanda, vinu, kuku. Korosho zimeanza kudondoka na hakuna anayeokota! Shangazi kakaa kizingitini, hainuki. Pazi, mgambo, kamwamkia kwa adabu: "Shikamoo, bibi." Kaitikia marahaba. Pazi kamweleza kwamba ardhi hii imekufa, wataalamu wameiona kutoka juu.

Shangazi kanigeukia mimi. "Mwanangu, si wewe unafanya kazi huko kwenye ramani? Hebu niambie, nani huyo kasema shamba langu limekufa?"

Nimemwambia naja. Naandika haya nyuma ya jiko, nimechutama. Lori limewashwa. Shangazi ananiita mara ya pili.